Wasiopanga Foleni

Wanawake saba, mtaa mmoja, ugonjwa mmoja, na mtu mmoja nyuma ya nondo. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, na Inspekta Kupe hakuwa mtu wa kuamini hesabu nyepesi.

Jina la Kupe hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na mwizi mmoja wa baiskeli, aliyeapa mbele ya hakimu kwamba yule mama akishakung'ang'ania, humbandui mpaka ashibe. Mbele yake watu walimwita Afande au Mama, kutegemea dhamiri ya mtu ilivyoamka siku hiyo.

Saa tatu asubuhi alikuwa ameketi mahabusu, uso kwa uso na muuza dawa. Kioo kimoja cha miwani ya muuza dawa kilikuwa na ufa uliotoka kwenye jiwe la juzi. Nje ya kituo, wanaume wapatao thelathini wa Kota za kiwanda cha nyuzi walikuwa wanangoja kumalizia kazi ya lile jiwe. Sauti ya kinyozi wao ndiyo iliyopanda juu ya zote.

"Nasema tena, Afande," muuza dawa alisema. "Vidonge vyangu vya kuongeza damu vinatoka bohari ileile inayoilisha zahanati. Zahanati ikiishiwa, mkunga huwaandikia wajawazito karatasi, wanakuja kwangu."

"Risiti za bohari?"

"Ziko mezani kwako tangu juzi."

"Najua. Nilitaka nione kama hadithi itabadilika."

"Ibadilike iwe ipi? Mke wangu kahamia kwa dada yake. Duka limepigwa mawe. Nibadilishe nini tena, jina?"

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkunga wa zahanati na bahasha kifuani, ameikumbatia kama mtoto njiti. Mwanamke mfupi, mwendo wa haraka, miaka ishirini anapokea watoto wa Kota. Yeye ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Aliona wajawazito wanasinzia kwenye benchi la kliniki saa nne ya asubuhi, sauti zimekauka, nywele zinakatika, wamejifunika mashuka kwenye joto la kupasua mabati. Kila mtu alimwambia ndiyo mimba hizo, mimba ina vituko vyake. Hakukubali. Alipeleka damu yao mjini, na jibu likarudi kwamba wote saba tezi ya shingo, ile wanayoiita thairoidi, ilikuwa imezubaa. Mwezi mmoja, mtaa mmoja. Kabla ya jua kutua Kota nzima ilikuwa na jina la mchawi wake: muuza dawa na vidonge vyake bandia.

"Maabara imejibu," mkunga alisema, akamtazama muuza dawa, kisha akaamua na yeye asikie. "Vidonge ni safi. Chuma na folik, kama ilivyoandikwa. Huyu baba hana kosa."

Muuza dawa alivua miwani akaanza kuifuta, upande wenye ufa na upande usio na ufa.

"Halafu?" Inspekta aliuliza. "Bahasha hiyo ni nene kuliko habari moja."

"Nilipeleka na mkojo. Wote saba wana floraidi nyingi mwilini."

"Floraidi si ile ya dawa ya meno?"

"Ndiyo hiyo. Kidogo ni rafiki wa meno. Nyingi, kila siku, miezi na miezi, ni habari nyingine. Nimempigia daktari wa hospitali kuu. Kasema kuna tafiti zilizokuta tezi ikizubaa zaidi kwa wajawazito wanaotumia maji yenye floraidi nyingi. Wataalamu bado wanavutana ni kiasi gani hasa na kwa njia gani, lakini kasema nisingoje wamalize kuvutana. Nitafute inapotoka."

"Na haraka ni ya nini? Tezi si ina dawa?"

"Mama ana dawa, kidonge kimoja kila asubuhi. Haraka ni ya mtoto." Mkunga aligusa koo lake kwa vidole viwili. "Miezi mitatu ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi. Anaazima ya mama. Ubongo wake unajengwa kwa moto wa kuazima. Sasa wa mama ukififia..."

Inspekta alikuwa anafungua na kufunga kifuniko cha kalamu. Tak. Tak. Tak.

"Majibu ya mkwe wako saa kumi," mkunga alisema kwa sauti ya chini. "Ana wiki ya kumi na moja, si ndiyo?"

"Ya kumi na moja na siku mbili."

Koplo aliyekuwa mlangoni alishika funguo. "Afande, basi tumwachie huyu."

"Ukimfungulia sasa unamfungulia kaburi. Wale walioko nje hawasomi bahasha, wanasoma uso wa mtu. Nikiwaletea kitu cha kushika mkononi, huyu atatoka kwa mlango wa mbele. Mletee chai. Na mkate, usimletee ule wa juzi."

*

Mkwe wake aliishi Kota safu ya tatu. Mumewe, mtoto wa pekee wa Inspekta, alikuwa dereva wa malori ya masafa, wiki ya pili yuko njiani. Saa tano, mabati yanalia kwa jua, binti alifungua mlango akiwa amevaa sweta.

"Karibu mama. Nilikuwa nimejinyoosha kidogo."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu... nilipoamka."

Juu ya meza ndogo palikuwa na kitana, na kwenye kitana nywele za kutosha kumtengenezea mwanasesere. Inspekta aliziona, akapita kama hakuziona, akaenda moja kwa moja jikoni. Alifungua kopo la chumvi, akanusa majani ya chai, maana mkunga alimwambia hata chai nayo huwa na floraidi yake. Akaandika jina la dawa ya meno, akainamia gunia la unga, akapekua chini ya sinki.

"Mama, unanipekua jikoni kama umekuja na hati."

"Mwenye hati hubisha hodi. Mimi ni mama mkwe." Binti alicheka kwa ile sauti mpya iliyokauka. "Chai unakunywa vikombe vingapi?"

"Kimoja. Inanitapisha siku hizi."

"Dawa ya meno humezi?"

"Mama!"

"Jibu."

"Simezi. Chumvi tunanunua duka moja na safu nzima. Unga pia. Jirani yangu anakula ninachokula, amenona kama mchumba. Sina siri, mama. Nina usingizi tu."

Karibu na jiko ilisimama chupa ya lita mbili, ubavuni ina mistari mitatu ya kalamu ya wino mzito. Mstari wa kwanza umeandikwa *asubuhi*, wa pili *mchana*, wa tatu *jioni*. Mwandiko ulikuwa wa Inspekta mwenyewe. Alimletea ile chupa wiki ileile alipoambiwa habari za mjukuu, akamwagiza asilale mpaka imekwisha.

"Naifuata," mkwe alisema, akiona macho yake yalipotua. "Hata kama sina kiu. Jana nilirudia, nikanywa mbili."

"Vizuri, mwanangu," Inspekta alisema. "Maji ni uhai."

Maji ya Kota yote yalitoka kioski kimoja. Hilo alilijua kama alivyojua namba ya beji yake.

*

Foleni ya kioski ilianzia kwenye bomba, ikazunguka ukuta wa shule, ikakatikia kwenye kivuli cha banda la fundi viatu. Mabibi wenye wajukuu mgongoni, wanaume wa zamu ya usiku wenye macho mekundu, wasichana na madumu ya njano. Walimpisha Inspekta kwa salamu na baraka.

"Huyo ndiye mama yetu!" bibi mmoja alipaza sauti. "Tangu upige meza kwenye mkutano, hajazimia mjamzito mwingine hapa. Mungu akuzidishie."

Ilikuwa kweli. Miezi minane nyuma mwanamke wa mimba kubwa alianguka juani, palepale kwenye foleni, na Inspekta akaenda kwenye mkutano wa mtaa akapiga meza mpaka glasi ya mwenyekiti ikamwagika: mjamzito asipange foleni, na atakayempangisha atanijua mimi ni nani. Makofi yalipigwa. Basi akarudi kazini, akasahau.

"Shikamoo, Babu Koki."

"Marahaba, Afande." Mlinda kioski alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, kofia ya sufu, miwani imefungwa kwa uzi, na daftari ambalo hakumkabidhi mtu. "Umekuja kunikamata au kunisalimia? Ukinikamata ngoja kwanza huyu ajaze dumu."

"Maji yako yana floraidi, Babu?"

"Ya kisimani yanayo, tele! Umesahau vizazi vilivyotangulia hapa, meno ya kahawia kama viatu? Ndiyo maana tukaletewa haya." Alilipiga kofi pipa moja kati ya mapipa matatu ya bluu yaliyosimama ubavuni. "Mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe imechomwa, imesagwa, imejazwa humu. Maji yanapita polepole, mwendo wa kinyonga, floraidi inabaki kwenye mifupa. Siku hizi watoto wa shule wakicheka unaweza kusomea gazeti."

"Mkaa ukichoka?"

"Nabadilisha. Na kila Jumatatu napima. Unataka uone?"

Alitoa mkebe wa vipimo kwa madaha ya fundi saa. Akakinga maji ya bomba kwenye mrija wa kioo, akatonesha dawa nyekundu.

"Tazama rangi. Floraidi ikiwa nyingi, wekundu unapauka. Ikiwa kidogo, unabaki."

Walisubiri. Foleni nzima ikasogeza shingo. Wekundu ulibaki mwekundu kama kanga mpya. Babu Koki akauingiza mrija kwenye mashine ndogo ya kusoma rangi: sifuri nukta nane.

"Mwisho wa usalama ni moja na nusu," alisema. "Daftari hili hapa. Jumatatu thelathini na moja. Tafuta hata moja iliyovuka."

Inspekta alitafuta. Alizipitia zote kwa kidole, akarudia toka mwisho kwenda mwanzo. Hapakuwa na hata moja. Mzee hakuwa mwongo, na hesabu yake ilikuwa safi kuliko za kituoni.

Simu ikaita. Koplo. "Afande, wameongezeka. Kinyozi amepanda juu ya tairi anahutubia. Anasema mimba ya mkewe ikiharibika, atajua pa kupata kichwa cha kulipia."

"Mwambie ashuke, tairi ni la serikali."

Akakata. Saa ilikuwa saba kasoro. Vidonge safi, chumvi safi, bomba safi, na wanawake saba wagonjwa. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka karibu na masikio.

*

Katika orodha ya mkunga lilikuwamo jina la nane, limezungushiwa duara. Fundi cherehani wa safu ya tano, mimba ya miezi minane, damu safi kabisa. Mgonjwa akimnyima jibu, Inspekta alikuwa na kawaida ya kumwendea mzima.

Fundi alikuwa ameegemeza tumbo kwenye meza ya mashine, mdomo umejaa pini, na hata pini hazikumzuia kuongea.

"Karibu Afande! Kaa hapo, sogeza hiyo suti ya bwana harusi, haina haraka, bibi harusi mwenyewe bado anafikiria."

"Wenzako wanaumwa, wewe unang'aa. Nipe siri."

"Siri sina. Nakula kama wao, nalala kama wao, mume ninayemlalamikia ni kama wa kwao."

"Vidonge?"

"Kwa muuza dawa. Maskini, vipi hali yake? Mimi sikuwahi kuamini. Mtu anayekukumbusha umeze na chakula atakutilia sumu?"

"Maji?"

"Ya Babu Koki. Kwani yako mengine?"

Inspekta akashusha pumzi. Ukuta tena. Fundi, kwa huruma ya mtu aliyezoea kuwatoa wageni huzuni, akaamua kumpa umbea.

"Jana foleni ilikuwa moto! Nimesikia mwalimu mkuu anahamishwa, bibi wa safu ya pili kamfumania mpangaji wake, na yule..."

"Jana?"

"Jana asubuhi."

"Ulikuwa kwenye foleni. Wewe, na tumbo hilo?"

"Kila siku."

"Fundi, mimi nilipiga meza mpaka mkono ukavimba ili wewe usipange foleni."

"Na tulipiga makofi!" Fundi alitema pini moja kwenye kiganja. "Lakini Afande, niende kule bomba la nyuma nikakinge maji peke yangu kama mwizi? Nitasikia nini huko? Foleni ndiyo redio yangu. Nabeba kigoda changu, nakaa, nasogea nacho."

Kalamu ya Inspekta ilisimama juu ya karatasi.

"Bomba gani la nyuma?"

Mkasi wa fundi nao ukasimama. "Si lako? Bomba la wajawazito. Babu Koki kasema umeliagiza wewe."

"Nani wanakinga huko?"

"Wenye matumbo wote. Wote isipokuwa mimi mbishi." Akainama mbele kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Na mke wa kinyozi, Mungu amsamehe na tumbo lake la mto."

"La mto?"

"Nilimpima gauni mwezi uliopita. Alikataa nisimguse mbele, nikapitisha futi kwa nyuma. Afande, miaka kumi na sita napima viuno. Kiuno kile hakina mtu."

*

Mke wa kinyozi alifungua mlango nusu. Alikuwa amejitanda shali mbili, na tumbo lilikuwa limekaa kushoto kidogo.

"Hujambo mama kijacho. Mimba ina miezi mingapi?"

"Saba, Afande."

"Miezi mitatu iliyopita, siku ya mazishi ya mlinzi wa kiwanda, uliniambia saba."

Mwanamke akavuta shali zake mbele ya tumbo.

"Kadi ya kliniki naomba."

"Iko... nadhani nimeiweka..."

"Sikiliza, mwanangu. Sikuja kwa ajili ya mto. Mto si kosa la jinai. Mumeo yuko juu ya tairi la kituo changu anadai kichwa cha mtu kwa ajili ya mtoto. Mtoto yupi?"

Mwanamke akaketi kwenye kizingiti. Aliuvuta ule mto toka chini ya gauni, akaupakata. Ulikuwa na foronya yenye maua.

"Angefanyaje, Afande? Mtaa mzima unajua nina mimba. Wenzake wote wanapiga kelele, yeye akae kimya? Wangemshangaa. Nilianza kwa siku moja tu, nilikuwa nimechelewa kazini. Babu Koki akaniona nimejaza kanga kiunoni, akaniambia mama, wewe pita nyuma. Nikapita. Ukishapita utarudije?"

"Ni miezi mingapi unakinga huko?"

"Sita na ushei."

"Vidonge vya damu umewahi kumeza?"

"Vya nini, na sina mimba?"

"Unasikiaje mwilini?"

Mke wa kinyozi alimtazama kana kwamba ni mtu wa kwanza kumuuliza. "Nasikia baridi," alisema. "Nachoka mpaka kuinua kijiko ni kazi. Nywele zinatoka. Sikuweza kwenda kliniki, wangenifunua. Nikadhani Mungu ananilipa."

"Mungu hana shughuli ndogo namna hiyo. Nenda kwa mkunga sasa hivi, kwa mlango wa pembeni. Mwambie mimi nimekutuma, mwambie apime damu na mkojo. Mto uache nyumbani."

Alikuwa ameshageuka, karibu anakimbia. Mwanamke asiye na mimba, asiyemeza kidonge hata kimoja, na anazo dalili zilezile. Na mwanamke mwenye mimba pevu, anayemeza vidonge vyote, na ni mzima kama kengele. Kati yao palikuwa na ukuta wa kioski.

*

Nyuma ya kioski palikuwa pazuri. Hilo ndilo lililomchoma kwanza. Kivuli cha bati, benchi lililotandikwa godoro jembamba, hata ndoano ya kutundikia mkoba. Juu ya bomba, kibao kimepakwa rangi kwa mkono wa mtu mwenye subira: WAJAWAZITO TU. KARIBUNI MAMA ZETU.

"Umekuja kuliona hatimaye!" Babu Koki alitoka ndani akijipangusa mikono. "Nilikuwa nasema, Afande kaagiza, halafu haji hata kukagua. Benchi nimelipiga misumari mwenyewe. Dumu linajaa kabla hawajamaliza salamu."

"Linajaa upesi."

"Upesi!"

"Kwa nini la mbele haliendi upesi?"

"La mbele si linapita..." Mzee akasita. "Linapita kwenye mapipa."

Inspekta akachuchumaa. Aliushika mpira mweusi pale bombani akaufuata kwa kiganja, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma gizani. Ulipita chini ya benchi, ukapanda ukuta, ukakata kona, ukaungana na paipu kubwa ya chuma itokayo kwenye pampu ya kisima. Mapipa ya bluu yalikuwa hatua nne mbele. Mpira haukuyafikia.

"Lete mkebe, Babu."

Mzee akakinga maji ya bomba la nyuma kwenye mrija, akatonesha dawa nyekundu. Walisubiri. Wekundu ulianza kuondoka pembeni, halafu katikati, ukawa waridi, ukawa rangi ya maji yaliyosuuziwa nyama, kisha hata hiyo haikubaki.

"Dawa imeharibika," Babu Koki alisema.

"Rudia."

Alirudia. Safari hii akayapunguza yale maji kwa maji ya mbele, kama alivyofundishwa, ili mashine iweze kuyasoma, akapiga hesabu pembeni ya daftari. Akaipiga tena. Akamwonyesha. Sita nukta tisa.

"Ulijua hayapiti kwenye mapipa?"

"Nilijua, Afande. Fundi bomba aliniuliza, nikamwambia unga hapohapo." Sauti yake haikutafuta pa kujificha. "Mapipa ni kinyonga, na wewe ulisema wasisimame. Bwana maji alipotuletea chujio alituambia ni la meno ya watoto. Meno ya watoto, ndivyo alivyosema. Hawa ni watu wazima, meno yao yameshaota. Na aliye tumboni..." Alivua miwani yenye uzi. "Aliye tumboni hana hata jino."

Inspekta Kupe alikuwa amekamata wauaji waliolia na wezi waliocheka. Pingu zilikuwa kiunoni, na hakuona mkono wa kuzivalisha.

Alipiga simu kituoni. "Koplo. Toka nje na bahasha ya maabara, waambie nimelipata, ni maji ya bomba la nyuma la kioski, yamepimwa mbele ya macho yangu. Aliyekinga huko aende kwa mkunga leo. Muuza dawa atoke kwa mlango wa mbele, na wewe utembee naye ubavuni mpaka nyumbani kwake. Na kinyozi mwambie mkewe yuko zahanati, amwahi. Usiseme zaidi, yeye ataelewa."

Kabla hajarudisha simu mfukoni, ikaita. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

"Imezubaa," mkunga alisema. "Si kama wale wengine, lakini imezubaa. Nimeshamwandikia kidonge, aje achukue sasa, aanze kesho alfajiri tumbo likiwa tupu."

"Na mtoto?"

"Wiki ya kumi na moja, Afande. Watoto wengi wa mama wa namna hii huzaliwa wazima wakianzishiwa dawa. Tumewahi."

"Tumewahi, au tumewahi kabisa?"

Upande wa pili mtu aliita nesi, mlango ukafungwa. "Tumewahi," mkunga alirudia.

Babu Koki alikuwa ameng'oa mkono wa bomba kwa spana na ameushika kiganjani kama jino. "Utaandika nani, Afande? Niandike mimi. Mimi ni mzee."

Inspekta alifungua daftari lake la maelezo. Pale penye *aliyeagiza* akaandika cheo chake na namba yake ya beji, herufi kubwa, zinazosomeka. Chini yake akaanza kuandika habari ya mkutano, meza na glasi ya mwenyekiti.

"Hodi huku nyuma."

Mkwe wake alitokea kwenye kona ya ukuta, sweta limefungwa vifungo vyote, chupa ya lita mbili mkononi. Ilikuwa tupu mpaka chini ya mstari wa tatu.

"Kumbe uko hapa, mama! Nimemaliza hata ya jioni mapema, nikasema nije nijaze." Akamtazama Babu Koki, akautazama mkono wa bomba, akalitazama daftari la mama mkwe wake. "Mama? Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu. Umefuata nilivyokwambia." Inspekta akasimama. "Kaa kwenye benchi. Usinywe chochote. Nikirudi nitakueleza yote, halafu tutakwenda kwa mkunga mimi na wewe."

Alichukua ile chupa, akazunguka ukuta wa kioski, akaupita ukuta wa shule, akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho, kwenye banda la fundi viatu.

"Afande!" bibi yuleyule wa mchana akapaza sauti toka mbele. "Wewe tena upange? Pita, mama, pita huku!"

"Sipiti," alisema.

Bibi alicheka, akidhani ni utani, na wengine wakacheka naye. Inspekta alikuwa anasugua ubavu wa chupa kwa kidole gumba. Wino ulikuwa mzuri. Hata alipoulowesha kwa mate, mistari mitatu haikufutika.